Nyama Haiombi Pasipoti

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na cherehani yako inakimbia. Huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema lile gauni ulilomshonea bado linamkaa vizuri, ila mimi ndiye nimeanza kutokaa vizuri kwenye mashati yangu. Studio iko palepale, katikati ya duka la dawa na fundi viatu, na kazi ni ileile: kaa wima, usicheke, tazama hapa, tayari. Watu wengi siku hizi wanajipiga wenyewe kwa simu, lakini ofisi za pasipoti bado zinakataa picha zilizopigwa jikoni, kwa hiyo tunakula.

Baba naye shikamoo. Mwambie asikae tu kusomewa, aandike hata mstari mmoja. Mwandiko wake nimeanza kuusahau.

Sasa kaa vizuri nikuchekeshe. Juzi nilipita kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtaa wa nyuma, nikaona pipa limekatwa kwa urefu, limetiwa bawaba na bomba la kutolea moshi, sawasawa na lile alilojitengenezea Baba uani. Nililitazama hadi fundi akaniuliza kama nimepotea njia. Unazikumbuka Jumamosi za Baba? Kidari kizima cha ng'ombe, amekipaka chumvi na pilipili manga, anakilaza kwenye pipa mbali na moto, kinakula moshi kutwa nzima, na sisi tunazunguka pale kama paka. Nikajiambia, mtoto wa Baba nitashindwaje? Damu ni ileile. Nikanunua pipa, nikalisukuma kwa mkokoteni mchana kweupe, kila ninayekutana naye ananiuliza nahamia wapi.

Dada, niliaibika. Buchani niliagiza kidari kwa sauti nzito ya mtu mjuaji, hadi muuza nyama akaniita bosi. Nikawasha moto, nikaweka nyama, nikafunika. Kila baada ya muda mfupi nilifunua nikapiga picha, maana nilitaka muone hatua zote. Kufika jioni, nje ilikuwa nyeusi kama soli ya kiatu na ndani ilikuwa bado inatoka damu. Kisu kiligoma. Wifi yako alichukua kipande kimoja kwa heshima ya ndoa. Akatafuna, akatafuna, mwishowe akaniomba ruhusa akateme. Tulilalia mkate na chai.

Nakutumia picha mbili. Nimezichapa kwenye karatasi kwa sababu najua Baba anavyosema, kwamba picha ya simu si picha, ni taa. Mwonyeshe. Akicheka, nitakuwa nimefaidi kitu katika hasara hii.

Mdogo wako, mnuka moshi.


23 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika pamoja na harufu yake. Yule wa posta alinikabidhi kwa vidole viwili. Sisi tupo. Shemeji yako yuko njiani na lori lake, atarudi na nguo chafu na hadithi zilezile. Mimi nimezama kwenye sare za shule, kaptula zimejaa hadi kitandani. Bati la jikoni limetoboka, nimetega sufuria. Baba yupo. Amekonda kidogo, ni umri.

Picha nilimpelekea mezani. Alikuwa amekaa na sahani yake mbele, uso ameugeuzia dirishani. Akaichukua moja, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akadai miwani. Miwani haikutosha, akadai kioo cha kukuzia, kile alichokuwa akikagulia vyuma alivyounga. Akakagua pembe hadi pembe. Kisha akasema, "Huyu ng'ombe amekufa mara mbili. Mara ya kwanza buchani, ya pili kwa mwanangu."

Basi hapo akafunguka. Moto gani huu, wa kuyeyushia reli? Nani amemwambia aweke nyama juu ya moto badala ya kando? Huyu mtoto kweli alikuwa anaishi nyumba hii? Alikuwa anaelekeza kwa kijiko, anaigonga picha kwa kijiko, na katikati ya maneno kijiko kikaanza kwenda kwenye wali. Mimi nilisimama mlangoni na mkasi mkononi, sikuthubutu hata kuufunga. Akala karibu sahani yote.

Najua utasema mtu kula wali si habari. Basi isiwe habari. Wewe tuma nyingine, na utume upesi.

Dada yako.

Nimemwambia aandike mstari. Amesema mkono umechoka. Ulimi haujachoka, nakuhakikishia.


15 Machi

Dada,

Shikamoo tena, na pole kwa bati. Wifi yako mzima, ila amenifungulia kesi: nguo zote zilizokuwa kambani zinanuka moshi, na kazini kwake wamemuuliza kwa upole kama nyumbani kuliungua. Mimi pia mzima, isipokuwa nyusi ya kushoto imepungua.

Mwambie Baba nimemsikia. Niliposoma habari ya ng'ombe kufa mara mbili nilicheka peke yangu studio hadi mteja aliyekuwa kitini naye akacheka, nikalazimika kurudia picha. Pasipoti hawataki meno.

Mara hii nilijipanga. Nilinunua kuni sokoni kwa mama aliyeniapia kuwa ni kavu. Zilikuwa kavu kwa nje, kama mimi nilivyo na akili kwa nje. Moshi ukatoka mweupe, mzito, ukapanda moja kwa moja dirishani kwa jirani yetu wa ghorofani, muuguzi mstaafu. Akashuka na ndoo ya maji. Hakuuliza. Akamwaga juu ya pipa, juu ya nyama, juu yangu, ndipo akasema, "Kumbe ni wewe." Nikamjibu ni mimi. Akaniomba radhi, nikamwomba radhi, tukabaki tunaombana radhi huku nyama inaelea.

Nikakausha pipa, nikawasha upya, nikaendelea kufunua na kupiga picha. Ilitoka ya kijivu, na ladha yake ni ya mtu aliyelamba bomba la moshi. Lakini picha, dada, safari hii nimeonyesha ufundi! Nyama niliipeleka studio, nikaikalisha kitini mbele ya kitambaa cheupe, taa mbili, hakuna kivuli hata kidogo. Mteja wa kwanza wa kesho yake aliinuka kwenye kiti kile na doa la mafuta nyuma ya suruali. Nilimwona, nikanyamaza. Yeye hajui mpaka leo, na mimi tangu hapo nikipishana na mtu mtaani natazama viatu vyangu.

Nakutumia hiyo, na nyingine nne za hatua za katikati.

Kwa nini ulisema upesi? Wewe husemi upesi hata nyumba ikiwaka. Na huko kukonda kidogo kwa Baba, ni kidogo cha namna gani?

Mdogo wako, nyusi moja na robo.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako amerudi, ameziba bati, sasa panavuja upande wa pili. Sare nimemaliza, macho yamebaki nusu. Msalimu wifi, mwambie siki kidogo kwenye maji ya kufulia hutoa moshi.

Nianze na kicheko. Baba aliishika picha yako ya kitambaa cheupe, akaniuliza, "Huyu ng'ombe anasafiri kwenda wapi?" Nikasema sijui, Baba. "Basi mbona amepigwa ya pasipoti? Kasoro masikio tu." Kisha akazipanga zile nyingine mezani kama karata, akazipitisha kioo chake. "Unaona? Kila picha hapa alifunua mfuniko. Joto linapanda, anafunua. Linapanda tena, anafunua. Itaivaje? Mwambie nyama haiombi pasipoti. Aiache!" Alipiga meza hadi chumvi ikaanguka. Akala wali, akala mchicha, akaomba ndizi.

Umeniuliza ni kidogo cha namna gani. Nimeliandika jibu hili kwenye vipande vya karatasi za kukatia nguo, nikavitupa, nikaandika tena. Baba hali. Hajala sawasawa tangu kabla ya mwaka mpya. Daktari amepima kila kinachopimika, hakuona ugonjwa. Anasema ni hamu tu imekwisha. Sahani inakwenda na kurudi ilivyokwenda. Suruali zake nimezipunguza kiuno na kuzipunguza tena, hadi mifuko ya nyuma inakaribia kugusana. Nikimbembeleza ananiambia, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Ahsante! Umewahi kusikia Baba akisema ahsante mezani? Tangu Mama atutoke alikuwa analalamikia kila kijiko, nami nikawa nalalamikia malalamiko yake. Sasa amekuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo inayonitisha.

Anakula siku picha zako zikifika. Kesho yake pia anakula, kwa kuwa bado ana hasira. Halafu hasira inapoa na hamu nayo inapoa. Ndiyo maana nikasema upesi.

Kuna jingine, na usinune. Zile Jumamosi unazozililia, mimi nilikuwa mkubwa kuliko wewe, naziona vizuri. Kidari cha Baba kilikuwa kinaungua mara nyingi kuliko kilivyoiva. Mama alikuwa anabandika maharage pembeni, kimya kimya, na jioni ndiyo tuliyokula. Wewe ulikula maharage, ukanusa moshi, ukalala ukijua umekula nyama.

Endelea kuharibu hivyo hivyo. Na uje.

Dada yako.


26 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako anakupa pole na anakushukuru kwa siki. Muuguzi wa ghorofani amenikubali. Tumekubaliana nikiwasha moto nimpigie hodi kwanza. Sina habari nyingine, kwa sababu tangu barua yako ifike sijaona kingine.

Niliisoma nimekaa kwenye kiti cha wateja. Uliponiambia habari ya mifuko ya suruali nilisimama, nikafunga mlango wa studio, nikalia kama mtoto. Halafu nikafika kwenye maharage, nikacheka na machozi yangu yaleyale. Maharage! Miaka yote hii nawasimulia watu ladha ya kidari cha Baba, kumbe nasimulia sufuria ya Mama.

Kuja nitakuja. Ila kwa sasa kazi imebana, ni msimu wa watu kusafiri.

Agizo la Baba la kutofunua nimelitii. Na kwa kuwa wifi yako ananijua, asubuhi ile aliichukua kamera, akaitia kwenye mkoba wake, akaenda nayo kazini. Nikabaki na pipa peke yangu. Dada, mtu asiye na kamera hana sababu ya kufunua mfuniko. Nilikaa kwenye ndoo, nikalitazama bomba. Moshi ulitoka mwembamba, karibu usiuone. Nikaongeza kuni kidogo kidogo kando, si chini. Nilikuwa na hamu ya kufunua hadi nikaikalia mikono yangu.

Wifi yako aliporudi ndipo tukafunua pamoja. Ilikuwa na gamba la rangi ya kahawa, ukiigusa inatikisika. Nilikata kipande, nikakining'iniza kidoleni, kikapinda bila kukatika. Muuguzi alishuka na sahani yake bila kuitwa. Wifi yako alikula, akanitazama kama alivyonitazama zamani, kabla hatujaoana.

Sikuipeleka studio. Niliiweka kwenye ubao dirishani, mwanga wa jioni ukaingia kwa pembeni, mvuke ukaonekana. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na nimepiga nyuso za nusu ya mji huu. Mwonyeshe Baba. Safari hii hana la kusema!

Mdogo wako, fundi.


14 Mei

Mdogo wangu,

Salamu utanisamehe, nitazilipa barua ijayo.

Picha ni nzuri. Hilo ndilo tatizo. Baba aliitazama muda mrefu, hakuomba kioo. Akasema, "Amejua." Nikangoja aendelee. Akasema, "Basi, amejua. Wote sasa mnajua kazi zenu." Akaiweka chini taratibu, akaisogeza na sahani taratibu, akaniambia ahsante, akaenda kujilaza na jua bado liko juu. Tangu siku hiyo ni chai, na chai yenyewe nusu kikombe.

Ulisema hatakuwa na la kusema. Hana.

Nakuomba unguza. Unguza vibaya, piga picha, tuma kwa basi, usisubiri posta.

Dada yako.


24 Mei

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, na kwa aibu yangu tumeshiba.

Nimeharibu vitu maisha yangu yote bila kuombwa na mtu. Niliharibu baiskeli ya Baba, niliharibu harusi ya rafiki yangu kwa kusahau kutia filamu kwenye kamera. Leo naombwa kuharibu, naombwa na dada yangu mwenyewe, nashindwa!

Nilianza kwa moto mkubwa. Nilirundika kuni hadi pipa likawa jekundu, nikaondoka kwa makusudi. Ikanyesha mvua, dada, mvua ya pekee, hata majirani waliishangaa. Ikapunguza moto, ikaacha makaa, kidari kikaiva kwa upole. Kilitoka laini kuliko kile cha barua iliyopita.

Nikarudia. Nikawasha moto mkali zaidi, nikafunga safari ya studio nikakae huko hadi jioni. Kurudi, namkuta muuguzi amekaa kwenye ndoo yangu na kitabu chake, anageuza kuni. "Niliona umesahau," ananiambia, "nikakuangalizia kama mgonjwa." Tena alikuwa ameipima joto. Nilimshukuru huku roho inaniuma. Siku hiyo walikuja hata majirani ambao sijawahi kujua wanakaa mtaa huu, kila mmoja na sahani.

Sina uwezo wa kununua kidari kingine mwezi huu, na nilijua unangoja. Kwa hiyo nilichukua kipande kilichobaki, nikaenda kwa fundi viatu wa jirani, nikamwomba dawa nyeusi na brashi. Hakuniuliza kitu, nadhani ameshanizoea. Nimeipaka nyama vizuri, nikaipiga picha mbele ya kitambaa cheupe, bila kivuli, kama zamani. Ukiitazama utasema nyumba nzima iliungua.

Mwambie Baba nimerudi nilikotoka. Mwambie sijui kitu.

Mdogo wako, aliyeshindwa hata kushindwa.


3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na zile salamu ninazodaiwa zipokee zote hapa. Shemeji yako ameondoka tena. Nimepata kazi ya mapazia ya ukumbi, kitambaa kinene, sindano zinakatika.

Baba aliipokea picha, akaomba kioo. Nikasema moyoni, tumepona. Akaikagua kidogo tu. "Hii ni dawa ya viatu," akasema. Nikajitia hamnazo. "Nyama iliyoungua haing'ai. Hii inaweza kuvaliwa kwenda kazini." Na hapo akacheka, mdogo wangu. Alicheka hadi akakohoa, nikampiga mgongoni, naye anacheka, anapangusa macho kwa mkono wa shati.

Halafu akaiweka picha chini, akaniuliza, "Kwa nini ananidanganya?" Sijui kusema uongo nikiwa nimemshika mgongo na mifupa yake naisikia. Nikamwambia yote. Alinuna. "Kwa hiyo mnanilisha kwa hila, kama mtoto." Kwa hasira akala nusu mkate mkavu, sikumpa hata chai nisije nikaikatiza. Jana hasira ilikwisha. Leo asubuhi ameniambia ahsante.

Kabla hasira haijakwisha alinipa ujumbe wako, nauandika kama alivyousema: "Mwambie kama anataka kuunguza, aje aunguze hapa, niione kwa macho yangu. Kazi ya kuharibu nyama haifanywi kwa barua."

Sasa na mimi nikuulize. Nimekuambia uje, ukasema kazi imebana. Kazi gani? Watu wanakaa, hawacheki, wanaondoka. Kiti hicho hakiwezi kukukosa siku mbili? Najua mlivyokuwa mkigombana, wewe na yeye, tangu uondoke hapa. Kama ni hilo, liseme. Mimi nimechoka kuwa posta.

Dada yako.


12 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako mzima, ndiye aliyenikalisha mezani niandike, na amekaa mbele yangu hadi nimalize.

Umeuliza, nakujibu. Kazi haijabana. Juzi nilikaa studio kutwa nikajipiga picha mwenyewe ili kiti kisipoe.

Unadhani naogopa atanifokea. Hapana. Nimefokewa na Baba tangu nilipoanza kutembea. Alinifokea namna nilivyotembea. Hata nilipoondoka nyumbani alinifuata hadi kituoni akinifokea kwamba nimefunga begi vibaya, na kweli lilifunguka njiani. Naogopa kwamba nitaingia mlangoni, nitaweka begi langu vibaya palepale anapopachukia, naye atanitazama aniambie, "Karibu mwanangu, ahsante kwa kuja." Nikisikia hayo sijui nitashika wapi. Kwenye barua alikuwa bado ananifokea, dada. Nilitaka abaki humo.

Ni woga, na ni upuuzi, nimeuandika ili wifi yako aniruhusu kuinuka.

Nakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Lile pipa la uani bado lipo? Lifute buibui. Na usiwe na wasiwasi habari ya kuunguza. Dawa ya viatu naiacha huku. Baba akisimama nyuma yangu, sijawahi kufanya kitu kikatoka sawa.

Mdogo wako.


2 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na wifi umemkuta mzima. Kofia yako umeisahau, iko msumarini. Shemeji yako amepiga simu, amesikitika kukukosa. Mapazia nimeyamaliza.

Najua uliondoka na uso umeshuka. Nilikuona dirishani mwa basi. Na mimi Jumamosi ile sikujua nicheke au nilie: wewe umeinama kwenye pipa, Baba kwenye kiti nyuma yako na fimbo, "Mbele! Rudisha nyuma! Funga! Nani kakutuma ufunue?" na wewe unatii kila neno, hadi kidari kikatoka makaa upande wa kulia na kibichi upande wa kushoto. Nilikuona ulivyofurahi ukitukanwa. Kisha nikakuona Baba alipoisukuma sahani mbele yako na kusema, "Mimi siwezi kula hii." Ulikwenda kulala, asubuhi ukaondoka.

Sikiliza basi. Basi lako lilikuwa halijakata kona. Baba akaniita, "Ile takataka iko wapi?" Nikamwambia imefunikwa jikoni. "Ilete. Nataka kuona alipokosea." Ule upande mbichi niliurudisha kikaangoni kwanza, nikampelekea. Akaomba kioo. Akakikagua kipande, akakila. Akakagua kingine. "Unaona hapa? Hapa alibabaika." Akala. "Na hapa nilimwambia, hakusikia." Akala. Nilimuuliza kwa nini hakula ulipokuwepo. Alinishangaa. "Nile mbele yake? Ajue ni nzuri? Si ataona ameshajua, aache kuja!"

Mimi, kama Mama, nilikuwa nimebandika maharage pembeni. Sufuria nzima imebaki, nimewapa majirani.

Jana ameniambia chai ina sukari nyingi, uji una mabonge, na mkate ninaununua kwa mtu mwizi. Sijasikia ahsante tangu uondoke.

Nimekuwekea picha, nimeipiga mwenyewe na kuichapisha. Kidole gumba kimeingia pembeni, usinifundishe kazi. Si ya nyama. Ni ya sahani ya Baba, na ukiitazama kwa kioo utaona haina kitu, isipokuwa kipande kimoja cheusi ukingoni. Hicho amekibakiza makusudi, anasema ni ushahidi.

Dada yako.

Subiri, anataka kalamu.

*Mwanangu. Upande wa kushoto ulikuwa mbichi kwa sababu bawaba ya pipa imelegea, joto linatoka. Kosa hilo si lako. Mengine yote ni yako. Bawaba naichomelea mwenyewe wiki hii. Njoo. Baba.*